Mwimo wa Kati, Upande wa Abiria

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Tudor, na kila nikiitazama najiuliza mlidhani nina mahali pa kuwahi. Lakini asanteni, inakwenda vizuri. Pamoja na saa mliniachia kazi pia, maana keki haijaisha mlikuwa mmeshaanza kubishana jina la ile nguzo ya katikati ya gari. Mmoja anasema nguzo B, mwingine anasema posti, mwingine anasema "kile chuma cha mkanda," mkanigeukia mzee niamue. Sikuamua kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Naamua sasa kwa maandishi, na kwa kuwa mstaafu hana wa kumkatiza, nitakwenda kwa mwendo wangu.

Habari za vyeo na mishahara hamtazipata humu. Pale gerejini vyeo vilikuwa viwili tu, anayeshika nyundo na anayeitafuta nyundo ilipo, na mimi nilivishika vyote viwili kwa zamu hadi siku ya keki.

Nilishuka mjini kutoka Kaloleni nikiwa kijana aliyemaliza shule na aliyeamini kwamba gari ni kitu kimoja kizima, kama sufuria. Gereji yetu wakati huo ilikuwa upande wa Kibarani, jaa la taka likiwa bado liko pale. Nzi walikuwa wakitua kwenye rangi mbichi na kubaki humo humo. Nina hakika yako magari yanayotembea mjini mpaka leo yakiwa na nzi wa enzi zile chini ya rangi, na wenyewe wanayaosha kila Ijumaa bila habari.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa mtaa wa Kuze, tukimwita Fundi Shee. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa macho, na alivaa kofia nyeupe ya kushonwa ambayo haikuwahi kuchafuka. Sisi sote tulirudi nyumbani weusi kwa masizi, kofia ya Fundi Shee ikirudi kama ilivyokuja. Nimestaafu bila kulielewa jambo hilo.

Siku yangu ya kwanza alinipa mlango mmoja. Lilikuwa gari dogo jeupe, limetiwa raba mpya kwenye milango yote. Akaniambia, "Nataka ufungike kwa kidole," akaenda zake. Nikausukuma kwa kidole, haukufungika. Nikausukuma kwa kiganja, ukafungika kwa shida. Nikaona dawa ni bawaba. Nikalegeza skrubu, nikaunyanyua mlango kidogo, nikakaza, nikajaribu. Nikaushusha, nikajaribu. Nikausogeza ndani, nikausogeza nje. Adhuhuri ilipofika mlango ulikuwa hauelekei hata kwenye tundu lake, na mimi nilikuwa nimelowa jasho mpaka soksi.

Fundi Shee aliporudi kutoka kuswali hakuugusa mlango wangu. Alizunguka upande wa pili, akateremsha kioo kiasi cha upana wa mkono, kisha akaufunga mlango wa upande ule kwa kidole kimoja. Ukalia *tk*, basi.

"Hewa," akasema. "Raba mpya, vioo juu, milango yote imefungwa. Ile hewa ya ndani waitaka itoke wapi? Wewe tangu asubuhi wapigana na pumzi."

"Na bawaba nilizozilegeza, Fundi?"

"Utazirejesha kama ulivyozikuta. Wakumbuka ulivyozikuta?"

Sikukumbuka. Ilinichukua alasiri yote kuurudisha mlango ulikokuwa umeanzia ukiwa mzima. Lakini usiku ule sikulala vizuri, si kwa aibu, bali kwa udadisi. Nililala nikiwaza kwamba hewa, kitu nisichokiona, inaweza kushindana na mkono wangu. Ikiwa hewa inaweza, ni nini kingine kilichomo ndani ya gari nisichokiona? Nadhani ufundi wangu ulianza pale kitandani.

Kesho yake Fundi Shee alinizungusha kwenye gari lililokuwa limevuliwa kila kitu, limebaki mifupa. Alizitaja sehemu zake kwa majina ya mlango wa nyumba, kwa sababu ndiyo aliyokulia nayo. Miimo, akasema, ni zile nguzo zinazosimama pembeni mwa mlango. Mwimo wa mbele unashika kioo kikubwa upande mmoja na bawaba za mlango wa mbele upande wa pili. Mwimo wa nyuma unabeba paa nyuma ya abiria. Gari la stesheni huongezewa mwingine nyuma kabisa, penye mizigo. Na wote husimama juu ya kizingiti, lile boriti la bati chini ya milango ambalo mtu hulivuka akiingia.

Alipofika kwenye mwimo wa kati aliupigapiga kwa upole, kama mtu anayemtambulisha ndugu yake. "Huyu ndiye mwenye kazi nyingi. Mlango wa mbele waja kumshika yeye kwa kitasa. Mlango wa nyuma waning'inia kwake kwa bawaba. Mkanda wa abiria umefungwa kwake. Na akigongwa ubavuni, ni yeye wa kwanza."

Nyinyi mna herufi: A mbele, B katikati, C nyuma. Sina ugomvi nazo. Unapoagiza kipuri, herufi zinamsaidia muuzaji. Lakini herufi haikuambii kitu kinashika nini, na anayejua mwimo unashika nini hawezi kuukata kizembe. Huo ndio uamuzi wangu. Herufi dukani, mwimo gerejini. Wa posti mtaendelea na posti zenu, kwa sababu najua Otieno hatabadilika.

Otieno, kwa wageni mlioingia juzi, ndiye mchomeleaji wetu. Baba yake aliletwa Mombasa na kazi ya reli, naye akazaliwa hapa hapa, lakini akikasirika Kiswahili chake hupanda gari la moshi kurudi bara. Tumefanya kazi pamoja karibu maisha yote. Sijamwona akirudia mshono wa kuchomelea, na sijamwona akikubali kwamba amekosea jambo lolote lile. Mtu wa namna hiyo ni mzuri kuwa naye kwa sababu unajua mapema ugomvi utatokea wapi.

Vifaa tulivyopimia havikuwa vya ajabu. Uzi wa kuvulia samaki, ambao hauvutiki, wa kupima kona kwa kona ndani ya tundu la mlango. Unakwenda kutoka kona ya chini mbele hadi ya juu nyuma, kisha unageuza. Mipimo miwili ikipishana, tundu limepinda hata kama macho yanaapa kwamba limenyooka. Kipande cha karatasi cha kufungia mlangoni, kisha unakivuta taratibu kuzunguka raba yote. Kikitoka bure, hapo raba haigusi na maji yataingia. Na chaki, ya kupaka kwenye ile pini ya mwimoni ambayo kitasa huing'ata. Ukifunga na kufungua mara kadhaa, chaki iliyofutika inakuonyesha kitasa kinauma wapi. Fundi Shee alisema mlango ni shahidi tu. Ukisikia mlango unalalamika, usimpige shahidi, nenda katazame mwimo.

Mjini wanampiga sana shahidi. Gari limegongwa ubavuni, mwimo umeingia ndani, fundi anakunja bawaba ili mlango ufuate kupinda kwa mwimo, anapaka puti kuziba mabonde, anapaka rangi, kazi imekwisha. Gereji moja, siitaji kwa sababu mwenyewe tunakutana sokoni, walikata kizingiti kilichooza gari likiwa limeinuliwa na milango imetolewa, bila kutia mhimili wowote wa kushikilia tundu. Walipomaliza, hakuna mlango uliokubali kuingia. Gari lilikuwa limebonyea katikati kama kitanda cha kamba. Walituletea sisi, wakasema lilikuja hivyo kutoka ng'ambo.

Fundi Shee alifariki kabla ya wengi wenu kuja. Aliugua muda mfupi, tukamzika alasiri, na kesho yake nilifika gerejini nikakuta watu wananitazama mimi. Nilimlilia sana, na bado kuna siku namkumbuka mpaka nashindwa kula. Basi. Nataka kuwaeleza habari ya Bi Rukia.

Bi Rukia alikuja mwenyewe asubuhi akiendesha gari la buluu iliyokoza. Alikuwa mama mtu mzima wa Kuze, amevaa buibui, amenyooka mgongo. Tulisalimiana kwa urefu kama watu wa mji huu, za nyumbani, za watoto, za joto, na hapo ndipo akasema shida yake.

"Mwanangu, ni mlango wa Baba Omari. Wafungika vyema, wafunguka vyema, hauna neno. Lakini tukishuka pale ferini, haufunguki. Navuta mimi, avuta yeye, hauji. Tukifika ng'ambo, ukiugusa tu, wafunguka. Nimekwenda kwa mafundi watatu. Wote wanitazama mimi badala ya mlango."

Baba Omari ni mumewe, Mzee Swaleh. Alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelegea, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa "aa-a," ambayo ilifanya kazi ya ndiyo, ya hapana, na ya mengine yote. Bi Rukia alikuwa akimpeleka Likoni kwa mama mmoja mtaalamu wa kunyoosha viungo. Siku moja wakiwa kwenye mteremko wa kuingilia feri, Mzee alitaka kutapika, mlango ukagoma. Walivuka maji yote yule mzee akiwa amefungiwa, anatetemeka. Tangu siku hiyo alikataa kuingia garini. Kila akiletwa mlangoni aliinua bakora kwa mkono wa kushoto akalipiga gari.

"Wamwambia daktari, asema ni hasira za ugonjwa," akasema Bi Rukia. "Nami namgombeza, nini nifanye? Teksi hataki, tuktuk yamrusha mgongo kwa safari ndefu. Yule mama wa Likoni asema mkono usiponyooshwa sasa utakunjika, na ukishakunjika haurudi. Umeshaanza." Akakunja mkono wake mwenyewe kifuani kunionyesha, vidole ndani.

Nilitumia asubuhi nzima kwenye mlango ule. Karatasi ilishika pande zote. Kioo nilikuwa nimeshakiteremsha. Uzi ukasema kona na kona ziko sawa. Bawaba hazikuwa zimelegea. Nikaufungua na kuufunga mpaka Otieno akaniuliza kama napeperusha hewa. Mlango haukuwa na kosa hata moja, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Mama wa watu amesimama pale anakaribia kulia, na mimi rohoni nafurahi, kwa sababu kwa miaka mingi sikuwa nimeona kitu nisichokielewa.

Nikamwambia, "Mama, twende ferini."

Nilikaa kiti cha Mzee Swaleh. Tulipanga foleni, tukaanza kuteremka. Ule mteremko hauko sawa, na sisi tuliuingia kwa upande, gurudumu moja la mbele likiwa limeshuka na jingine bado. Foleni ikasimama. Nikavuta mkono wa mlango. Ulisogea kama kawaida, nikasikia kitasa kikiachia. Mlango haukutikisika. Nikausukuma kwa bega, nikausukuma kwa goti. Mbele yangu naona chuma cha feri na maji ya kijani pembeni yake. Mimi najua kuogelea, nilikuwa na mikono miwili mizima na sauti ya kupiga ukelele, na bado jasho lilinitoka.

Bi Rukia hakugeuza kichwa. "Umeona?"

"Nimeona, mama."

Ng'ambo, kwenye lami tambarare, mlango ulikaribia kufunguka wenyewe.

Njiani kurudi nilikuwa nimeshajua nusu. Gari likisimama sawa, mwili wake umetulia. Likisimama gurudumu moja juu na jingine chini, mwili unajipinda kama mtu anayegeuka kutazama nyuma. Gari lisilo na ubovu hujipinda kidogo sana, na mlango hauhisi. Hili lilijipinda kupita kiasi, kwa hiyo mahali fulani palikuwa pamelegea. Gerejini tuliweka tofali chini ya gurudumu la mbele kushoto na jingine chini ya la nyuma kulia, tukalishusha gari juu yake. Mlango ukagoma pale pale mbele ya macho yetu. Nilipiga makofi, nakiri.

Chaki ilionyesha kitasa kinauma pini upande wa chini. Uzi sasa ulipishana kona kwa kona unene wa kidole. Basi mwimo wa kati ulikuwa unatembea. Swali likawa unatembelea wapi. Otieno akasema juu, kwenye paa. Mimi nikasema bawaba za nyuma zinauvuta. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kujua kwa hakika ilikuwa lazima kuvua viti, mazulia, dari na mapambo yote ya ndani, na hata hivyo puti inaweza kukufichia ufa ukiwa umeutazama.

Nikachuchumaa nje ya gari nifikiri. Ndipo nikaona rangi imemeguka chini kwenye mwimo wa kati, pale mguu wake unapokutana na kizingiti. Vidonda vidogo vidogo, vingi, vya mviringo.

"Hizo ni bakora zake," Bi Rukia akasema kwa haya. "Utanipakia rangi hapo, mwanangu."

Nikaweka kiganja changu juu ya vile vidonda. Kiliviziba vyote. Nimetazama mabati yaliyopigwa tangu ujana, na mtu aliyekasirika hupiga boneti, hupiga mlango, hupiga taa, hupiga chochote kilicho mbele. Hasira haina shabaha. Huyu mzee alikuwa anapiga kwa mkono wake usio wa kazi, ameegemea mabega ya mkewe, na hakukosea mahali hata mara moja.

"Mama, amewahi kupiga boneti?"

"La."

"Mlango wenyewe?"

"La. Hapo hapo tu. Kila siku hapo."

"Kabla hajaugua, gari hili akiendesha nani?"

"Yeye. Mimi nilikuwa naendeshwa."

"Limewahi kugongwa?"

"Hata siku moja!" akasema, kama nimeitukana nyumba yake. Kisha akafikiri. "Alilipeleka kupakwa rangi tu. Mimi nilikuwa Lamu, arusini kwa mpwa wangu. Niliporudi nikalikuta lang'ara, nikamwambia, Baba Omari, umepatwa na nini, hata nyumba hujaipaka chokaa."

Otieno alinitazama, nami nikamtazama. Halafu akaenda kuchukua bisibisi bila kubishana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Tulivua kiti cha mbele na kuinua zulia pale tu, chini ya vile vidonda. Puti ilikuwa nene kama ubao. Tulipoibandua tukakuta mguu wa mwimo umekatwa wote na kubandikwa kipande cha bati, kimeshikizwa kwa matone machache ya kuchomelea. Matone mengi yalikuwa yameshakatika. Otieno alipolishusha gari kutoka kwenye matofali na kulirudisha, ufa ulifumba na kufumbua. Mkanda wa Mzee ulikuwa umefungwa kwenye nguzo isiyo na mguu. Na mimi nilikuwa nimetoka kuuvaa.

Bi Rukia aliuona ufa, lakini nilijua anaona bati lililokatika, basi. Nilikuwa na neno la kumwambia na sikuwa na hakika kwamba ni langu mimi kulisema. Nikamwomba amlete Mzee Swaleh kesho yake kwa tuktuk, ni mwendo mfupi. Akasema hatakubali kuja karibu na gari lile. Nikamwambia, "Mama, mwambie fundi amevua zulia."

Mzee alikubali mara moja. Alikuja amevaa kikoi na shati lililopigwa pasi, mkono wa kulia umekunjwa kifuani, bakora kushoto, mkewe amemshika kiuno. Gari lilikuwa limesimama bila milango, mguu wa mwimo uko wazi. Alisogea polepole mpaka akafika. Akaishusha bakora mpaka kwenye ufa, akaingiza ncha yake ndani, taratibu kabisa, akaiacha hapo. Kisha akamgeukia mkewe, akamtazama usoni. "Aa-a," akasema.

Bi Rukia alitazama bakora, akatazama ufa, akamtazama mumewe.

"Kumbe liligongwa," akasema.

"Aa-a."

"Nilipokuwa Lamu."

"Aa-a." Macho ya yule mzee yalijaa.

"Ukanificha. Kisha ukaugua, ukawa wataka kunambia, hujui kwa ndia gani." Akawa anatikisa kichwa. "Nami nakugombeza. Mtu yuwanambia, nami namgombeza!"

Aliketi kwenye benchi letu la mafuta, na buibui lake lote, akalia. Mzee Swaleh akabaki amesimama, amemshika Otieno bega, kwa sababu Otieno ndiye aliyekuwa karibu.

Kazi yenyewe nawaandikia kwa sababu ndiyo mtakayoirudia. Tulitia mhimili wa chuma kona kwa kona ndani ya tundu la mlango, na mwingine kutoka mwimo hadi mwimo wa upande wa pili, kabla ya kukata chochote. Tulipata mwimo mzima wa gari la aina hiyo hiyo, tukaukata juu, si chini, ili mguu wote uwe mmoja. Tulipima kwa uzi, tukashikiza kwa matone manne, tukapima tena, tukatundika milango yote miwili na kuifunga kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Otieno alichomelea kidogo huku, kidogo kule, akiacha chuma kipoe, maana joto lenyewe huvuta bati. Kisha tulirudi kwenye matofali, tukalipinda gari kila upande. Mlango ulifunguka kila mara.

Siku ya kulichukua, Mzee Swaleh aliweka ncha ya bakora pale chini na kuegemea kwa uzito wake wote. Akatulia, kama anasikiliza. Halafu akageuka mwenyewe, akaanza kuingia, mkewe akikimbilia kumshika kichwa kisigonge paa.

Nilikaa nyuma kwenda nao ferini, kwa sababu nilitaka kuona mwenyewe. Foleni ikatusimamisha pale pale kwenye mteremko, gurudumu moja chini na jingine juu. Mzee alipeleka mkono wa kushoto, akavuta. Mlango ukafunguka kiasi cha kuingia upepo. Akaurejesha. Akaufungua tena. Nyuma yetu watu walipiga honi na Mzee Swaleh alikuwa anacheka, cheko la nusu uso, mabega yakimtikisika.

Tukapanda, feri ikaondoka. Bi Rukia alikuwa ameshika usukani ingawa hapakuwa na pa kuendesha.

"Baba Omari," akasema, "na ile sahani? Ile sahani ya samaki, kila jioni waisukuma. Mimi nasema, hana hamu ya kula, naiondoa. Wanambia nini?"

"Aa-a."

"Hutaki samaki?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Wataka samaki. Basi ni nini, ni miba?" Akageuka kitini, akasahau kwamba nipo. "Na lile pazia? Wavuta pazia, nami nalirejesha. Na redio? Ya Rabi, ni mangapi umenambia, nami sikusikia?"

Mzee aliinua kidole kimoja, cha kushoto, kumwambia asubiri, aende moja baada ya jingine. Wakarudi kwenye samaki. Mimi nilikuwa nimekuja kusikiliza chuma na sasa nilikuwa nasikiliza ndoa ya watu, kwa hiyo nikafungua mlango wa nyuma, nikashuka kwenye sitaha, nikaenda kusimama na wanaovuka kwa miguu. Vioo vilikuwa wazi, na hata kule bado nilimsikia.

"Chumvi? Si chumvi. Ni ndimu? Basi, usichoke, nambia tena."